Mwanangwa Aliyeushinda Mtumbwi

Tangu nirudishe funguo za kabati la dawa, asubuhi zangu zimekuwa ndefu. Mke wangu anasema nazunguka uani kama kuku aliyehamishwa banda, na amenishauri nitafute kazi ya kufanya kabla hajanitafutia yeye. Basi nimechukua kalamu. Vijana niliowaacha zahanati wamekuwa wakiniuliza mara kwa mara habari za zamani, hasa mambo ya wagonjwa wa unene, kwa kuwa siku hizi wanaletewa wengi. Nitawaeleza yule wa kwanza, maana yeye ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua juu ya jambo hilo.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja vikaondoka, na mshahara uliondoka kabla haujafika. Nitaanzia Nyarero, upande wa Tarime, miaka ya hamsini, wakati wa mkoloni, nilipokuwa kijana kutoka Nkende mwenye kaptula mpya ya kaki na kiburi kilichonizidi kimo.

Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili vya mawe na baraza ya bati. Mkuu wake alikuwa Bwana Odhiambo, Mjaluo wa upande wa ziwani, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti ya chini kiasi kwamba wagonjwa walinyamaza ili wamsikie. Nilipofika kuripoti nilimwamkia, nikamwambia nimefuzu mafunzo ya udresa, yaani usaidizi wa tabibu, na niko tayari kuanza kutibu. Akanitazama mikono.

"Vizuri, omera," akasema. Hilo ni neno lao la kumwita mtu ndugu, naye alilitumia hasa alipotaka kukushusha. "Anza na zile chupa."

Nikaosha chupa. Nilipomaliza akazinusa, akanirudishia. Nadhani juma zima niliosha chupa, na mpaka leo siwezi kupita mbele ya chupa chafu bila kujisikia nimeitwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na jiko la primasi la kuchemshia sindano, ambalo lilihitaji kubembelezwa kuliko mgonjwa yeyote. Kulikuwa na kipimo cha kusikilizia moyo, kimoja, nacho hakikutoka shingoni mwa Bwana Odhiambo. Kulikuwa na mizani ndogo ya watoto, yenye karai. Mizani ya watu wazima hatukuwa nayo, na wala hatukuiona haja. Waliotujia walikuwa watu wa malaria, vidonda vya miguu, minyoo, na mara mojamoja mishale, pale majirani wa koo mbili walipopoteza ng'ombe. Wengi walikuwa wembamba. Kazi yetu, ukiitazama vizuri, ilikuwa kuwanenepesha watu. Hakuna aliyetufundisha habari ya kuwapunguza.

Ndipo akaja Mwanangwa Matiko.

Mwanangwa alikuwa mkubwa wa eneo, chini ya chifu. Ndiye aliyeamua kesi ndogo, akasimamia kodi, na kuwahimiza watu walime matuta ili mvua isibebe udongo. Matiko alikuwa mtu wa haki, mcheshi, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni, na tumbo lenyewe lilitosha kuwapa watu wengine wawili. Zamani alikuwa mchungaji hodari na mkimbiaji, lakini tangu apewe kiti, kazi yake ikawa kukaa. Kila boma alilopita alichinjiwa. Kila kesi ilimalizika kwa ugali, nyama na chungu cha pombe ya ulezi, ambayo wazee wanaizunguka na kuivuta kwa mirija mirefu. Nyumbani kulikuwa na maziwa mgando na samli, na chai ya sukari, kwa kuwa sukari ilikuwa kitu kipya cha wakubwa na yeye hakutaka kuonekana mdogo.

Alifika kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tulimteremsha kwa kumshika huku na huku, akapanda ngazi za baraza, ngazi ndogo tu, kisha akasimama mlangoni akihema kama aliyekimbizwa na nyati. Aliketi, benchi likalia. Bwana Odhiambo akangoja pumzi imrudie.

"Shida ni nini, mzee?"

"Mtumbwi," akasema Mwanangwa.

Tukatazamana.

Akatueleza. Binti yake mkubwa, Gati, alikuwa ameolewa Ungoreme, ng'ambo ya Mto Mara. Alikuwa amezaa mtoto wa kike, na mumewe kwa heshima akakubali mtoto apewe jina la mama yake Mwanangwa, Wegesa, aliyekuwa amefariki. Kwa Mwanangwa hilo halikuwa jambo dogo. Mama yake amerudi, na yeye hajamwona. Watu waliotoka huko walimwambia mtoto ameanza kusimama, wengine wakasema ameanza kutembea, na yeye bado hajamshika mkono. Basi akapanda mkokoteni mpaka mtoni. Barabara ya gari upande ule haikuwepo. Ng'ambo ya mto ni kwa miguu. Lakini hata hakufika ng'ambo. Mwenye mtumbwi alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akautazama mtumbwi wake, akamtazama tena.

"Akaniambia nini?" Mwanangwa alisema, macho yakiwa sakafuni. "Akaniambia, 'Mzee, nikuvushe wewe au nivushe watu?' Wanawake waliokuwa wakichota maji wakacheka mpaka mitungi ikamwagika. Nami nikageuza mkokoteni."

Sikujua kama ilinipasa kucheka au kulia, nikajifanya naitazama primasi. Bwana Odhiambo hakucheka. Alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akambonyeza miguu, alama ya kidole ikabaki kama kwenye unga uliokandwa. Akamwandalia safari ya kwenda bomani Tarime, makao ya serikali, kwa daktari Mzungu, nami nikamsindikiza.

Yule daktari alikuwa mtu wa maneno machache lakini alijua kazi yake. Alimpima kila mahali, kisha akaniambia nimtafsirie: moyo wa mzee huyu ni mzuri, lakini unavuta mzigo usio wake. Apunguze chakula, hasa mafuta, sukari na pombe. Atembee kila siku, aanze kidogo aongeze taratibu. Asipofanya hivyo, binti yake ndiye atakayesafiri, na atakuja kuzika. Nilitafsiri yote ila hilo la mwisho nililizungusha kidogo. Mwanangwa akanigeukia.

"Mura, amesema nitakufa?" Mura ni namna wazee wetu wanavyomwita kijana wa kiume.

"Amesema ukitembea hutakufa, Tata," nikajibu, kwa neno letu la kumwita baba.

"Kwa hiyo nikikaa nitakufa."

"Ndiyo, Tata."

Tukarudi Nyarero.

Sasa, vijana, mnaosoma haya mnaweza kudhani kazi ilikuwa imekwisha: dawa imetajwa, mgonjwa ameisikia, aende akaitumie. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Katika nchi yetu wakati ule, mtu mkubwa alipaswa kuwa mkubwa. Mwanangwa mnene maana yake nchi ina amani, ng'ombe wana maziwa na wake zake wanapatana. Akikonda, watu watauliza ni nani amemroga. Tulikuwa tunataka kumponya mtu kwa kumpa sura ya mgonjwa.

Bwana Odhiambo akaanza na vipimo. Kwa kuwa hatukuwa na mizani ya watu wazima, alimpeleka kwenye ghala la kahawa, kwenye mizani ya magunia. Mwanangwa alipanda kwa heshima zote, fimbo yake mkononi. Karani wa ghala, ambaye asubuhi nzima alikuwa akipokea kahawa, akasogeza jiwe la mizani, na kwa mazoea tu akapaza sauti kwa mwenzake: "Gredi ya kwanza!"

Ghala zima liliangua kicheko. Mwanangwa mwenyewe alicheka, lakini aliposhuka alimwambia Bwana Odhiambo kwamba hatapanda tena kwenye kitu kile hata kwa amri ya chifu. Kwa hiyo tukatumia kamba ya katani. Kila alipokuja zahanati tulimzungushia tumboni, tukapiga fundo pale ncha ilipofika. Ilikuwa kipimo kizuri. Kamba haina gredi.

Kisha nikatumwa kwa mke wake mkubwa, Mama Gati. Nilimkuta uani akipepeta ulezi. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza niliyotumwa. Hakuacha kupepeta.

"Unataka nimnyime mume wangu chakula," akasema.

"Si kumnyima, mama. Kumpunguzia."

"Wewe umeoa?"

"Bado, mama."

"Ndiyo maana." Akapuliza makapi, yakanirukia usoni. "Mume akikonda, hawasemi mume amekonda. Wanasema Mama Gati amekuwa mchoyo. Wanasema amechoka naye. Nimempikia tangu hana hata mbuzi, leo dresa asiye na mke anakuja kunifundisha ugali?"

Nikamwambia tu alichosema daktari, chote, pamoja na lile la kuzika nililolizungusha kule bomani. Mikono yake ikasimama. Akauweka ungo mapajani.

"Yeye anajua?"

"Anajua nusu."

"Mwache na hiyo nusu," akasema. "Niambie anatakiwa ale nini."

Nikamweleza nilivyofundishwa. Mboga za majani kwa wingi, maharage, samaki wakipatikana, nyama isiyo na mafuta na si kila siku. Maziwa yaliyotolewa siagi. Ugali apunguze. Chai bila sukari, au sukari ya kulamba tu. Mama Gati akatikisa kichwa.

"Majani hali. Anasema majani ni ya wanawake na ng'ombe. Na ugali siwezi kuupunguza. Wanaume wanakula sinia moja, wataona."

"Tufanyeje basi?"

"Niachie."

Alichokifanya yule mama sijakisoma katika kitabu chochote. Alichemsha mgagani, ile mboga yetu chungu, akaupika vizuri na maharage, akautia kwenye kibuyu chenye kifuniko. Kabla wanaume hawajaketi kula, alimpelekea mumewe mbele ya wote, akapiga goti, akasema: "Dawa yako kutoka bomani. Daktari amesema uimalize kabla ya chakula." Mwanangwa akakunja uso, akaimaliza, na wenzake wakamwonea huruma. Ugali ulipofika alikuwa ameshiba nusu, akamega kidogo, akanawa. Mgagani ukiitwa mboga ni wa wanawake. Ukiitwa dawa, hata wazee wanaomba waonjeshwe. Kufika masika, nusu ya wazee wa kijiji walikuwa wakidai na wao waandikiwe.

Sina hakika kama Mwanangwa hakujua alichokuwa anakula. Alikuwa amekula mgagani utotoni kama sisi sote. Nadhani alijua, na akamwacha mkewe amtunzie heshima yake.

Upande wa kutembea ulikuwa mgumu zaidi. Mwanangwa hawezi kuzurura. Akionekana anatembea bila sababu watasema amechanganyikiwa, na akifuata ng'ombe watasema ameshushwa cheo. Mimi nilipendekeza atembee ndani ya boma lake, azunguke zizi. Alijaribu, ng'ombe wakamfuata wakidhani anawapa chumvi. Mwishowe yeye mwenyewe akapata njia. Akatangaza kwenye baraza kwamba kuanzia sasa hatangoja taarifa za matuta kutoka kwa wasaidizi. Atayakagua mwenyewe, shamba kwa shamba, kwa miguu.

Hapo ndipo nilipoona mazoezi ya mtu mmoja yakiwatoa jasho watu wengi. Mwanzoni alifika shamba la jirani tu, akakaa kwenye kisiki, akarudi. Baadaye akavuka kijito. Baadaye akapanda mlima wa pili. Watu waliokuwa wamezoea kusema "matuta yapo tayari" wakiwa wameketi kivulini, wakasikia fimbo inagonga mawe nyuma ya nyumba. Majembe yakatoka. Njia zilizoziba zikafyekwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka Mwanangwa achomwe na miiba shambani mwake. Siku moja nilikutana na mzee mmoja akichimba tuta kwa hasira, akanipigia kelele kutoka mbali: "Wewe dresa! Mpeni yule mtu nyama anenepe, tupumzike!"

Bwana Odhiambo alikuwa na kipimo chake cha mwendo, nami nimekitumia maisha yangu yote, nawaachia. Alimpeleka mgonjwa kijitoni, akapanda naye kilima taratibu huku akizungumza naye. Mtu akiweza kujibu kwa sentensi nzima, mwendo unamfaa. Akijibu kwa neno moja moja, apunguze. Akishindwa kabisa kusema, akae chini. Siku ya kwanza Mwanangwa aliulizwa jina la baba yake na akajibu kwa mkono. Baada ya miezi kadhaa alipanda kilima kile kile akisimulia kesi ya mbuzi tangu mwanzo mpaka hukumu, pamoja na aliyoyasema mbuzi.

Kamba ilikuwa inapungua. Mafundo yalikuwa yanafuatana kama shanga. Na hapo, kama inavyotokea mambo yakienda vizuri, yakaharibika.

Kiangazi kilikuwa karibu, wakati ambapo mto unatulia na kuvuka kunakuwa rahisi. Mwanangwa akaona anachelewa. Akajiambia, kama chakula kidogo kimemsaidia, basi kutokula kabisa kutamsaidia zaidi. Mama Gati alikuwa ameenda kwao kwenye msiba, hakukuwa na wa kumsimamia. Alikunywa maji na chai kavu, na akaongeza safari za mashambani, juani. Hakutuambia. Siku ya baraza alisimama kutoa hukumu, akashika fimbo, akafungua mdomo, na badala ya neno akatoka yeye mzima, akaanguka mbele ya watu kama mti.

Walimleta kwenye ngozi ya ng'ombe, wanaume wanne wakikimbia. Nyuma yao wakaja wazee wa ukoo, na mbele ya wazee alikuwa kaka yake, Mzee Chacha, mwembamba kama mkuki na mkali vivyo hivyo. Baraza ya zahanati ikajaa.

"Tulisema," Mzee Chacha akasema. "Mtu ananyauka kama muhindi bila mvua, mnasema ni dawa. Sasa mmemmaliza. Mtoeni, tumpeleke kwa anayejua."

Nilishikwa na hofu. Mwanangwa alikuwa amelala, midomo mikavu, jasho la baridi usoni. Bwana Odhiambo hakumjibu Mzee Chacha hata kidogo. Alikuwa amepiga magoti, anasikiliza moyo. Kisha akaniambia kwa sauti ile ile ya chini, "Omera, uji. Mwembamba, wenye maziwa na sukari."

"Sukari?" nikauliza.

"Leo, sukari."

Tulimnywesha kijiko kwa kijiko. Baada ya muda macho yakafunguka. Akatutazama, akautazama umati, akauliza kwa sauti dhaifu, "Ni nani aliyeshinda kesi?"

Watu wakacheka kwa kuachia pumzi. Mzee Chacha hakucheka, lakini aliketi.

Bwana Odhiambo ndipo akamgeukia Mwanangwa, na akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia. Sijawahi kumsikia akisema kwa nguvu vile tena.

"Mzee, wewe unalima kwa ng'ombe. Ng'ombe wa jembe ukimlisha tu bila kumfunga jembe, anakuwaje?"

"Ananenepa, anakuwa mvivu."

"Na ukimfunga jembe bila kumlisha?"

Mwanangwa akageuza uso ukutani.

"Anaanguka kwenye mtaro," akajibu Mzee Chacha badala yake.

"Ndiyo. Mwaka jana ulikuwa ng'ombe wa kwanza. Mwezi huu umekuwa wa pili. Mimi sikukuambia uwe mmojawapo. Nilikuambia ule na utembee. Yote mawili, kila siku, kwa kiasi. Mwili hauna haraka, mzee. Haukunenepa kwa mwezi, hautapungua kwa mwezi."

Mwanangwa akafumba macho. Niliona chozi likishuka kuelekea sikioni. "Mtoto anakua," akasema. "Atakuja kuniita mgeni."

Mzee Chacha akasimama, akaenda mpaka pale alipolala ndugu yake, akamtazama. Kisha akatugeukia.

"Tutangoja mpaka ulezi uvunwe," akasema. "Akianguka tena kabla ya hapo, wewe Mjaluo pamoja na mtoto huyu wa Nkende tafuteni zahanati nyingine."

Mama Gati alirudi kesho yake, na maneno aliyomwambia mumewe yalisikika mpaka kwenye ghala la kahawa. Sitayaandika. Kuanzia hapo Mwanangwa hakuruka mlo, kwa sababu aliogopa ulimi wa mkewe kuliko unene.

Mavuno yalikuwa mtihani. Kila boma lina chungu, kila chungu kina wazee, na mwanangwa hawezi kukataa kuketi. Lakini alikwisha kujifunza hila. Aliketi, akashika mrija, akauweka mdomoni, akasimulia hadithi. Mtu anayesimulia havuti, na wasikilizaji wanavuta zaidi, kwa hiyo kila mtu aliondoka ameridhika. Aliomba nyama ya mguu badala ya mafuta ya kifua, akisema meno yake yanapenda kazi. Siku moja moja alikula harusini kama watu, akashiba kweli, na Bwana Odhiambo hakumgombeza. "Kesho tembea mpaka kwa Chacha," alimwambia tu. Ulezi ukavunwa, ukapurwa, ukaingia ghalani. Mwanangwa hakuanguka. Mzee Chacha alipita zahanati akatuletea kuku, akasema kuku huyo amepotea njia.

Ndipo tukafunga safari. Bwana Odhiambo alinituma niende naye, na mkoba wa dawa. Tuliondoka asubuhi, tukatembea kwa mwendo wa kuzungumza, tukipumzika kila tulipokuta maji. Tulilala Kewanja kwa shemeji yake, ambaye alimtazama kwa mashaka, akachinja mbuzi, akashangaa mbuzi huyo alipobaki. Asubuhi tukashuka mtoni. Mwenye mtumbwi alikuwa yule yule. Alitupakia bila neno, sisi na wanawake wawili na mzigo wa mtama, akasukuma. Katikati ya maji akamwuliza Mwanangwa:

"Yule kaka yako mnene, bado yu hai?"

"Yupo," akasema Mwanangwa. "Anakusalimu."

Tulifika Ungoreme jua likiwa limeelekea magharibi. Gati alikuwa uani, anaanua mtama. Aliinua kichwa, akaona mzee amevaa koti kubwa lililomning'inia, shingo ikiwa na ngozi iliyolegea, akajibu salamu kama anavyomjibu mpita njia. Kisha akaitambua sauti. Ungo ukaanguka. Alimkimbilia, akamshika mabega, akamzungusha kama mtu anayekagua ndama aliyerudi kutoka porini, akaanza kulia.

"Tata! Nani amekula nyama yako?"

"Nimeiacha njiani, mama," akasema. Aliwaita mabinti zake mama, wote. "Kidogo kidogo. Usiifuate."

"Unaumwa. Walisema unaumwa, nami sikuamini."

"Nilikuwa naumwa nilipokuwa mnene. Muulize dresa."

Nikamhakikishia. Hakuniamini mpaka alipomwona anakula jioni ile: maharage, mboga, ugali wa kiasi, na kipande cha nyama alichokitafuna kwa raha zote, akainuka mwenyewe bila kushikwa.

Mtoto Wegesa alikuwa amejificha nyuma ya mama yake, kidole mdomoni. Mwanangwa hakumwita. Alikaa chini kwenye majani, jambo ambalo kwa miaka kadhaa hakuweza kulifanya na kuinuka, akaanza kupanga mawe madogo kama ng'ombe zizini. Mtoto alisogea. Akalitoa jiwe moja. Mwanangwa akalalamika kwamba ameibiwa ng'ombe. Mtoto akacheka, akaiba la pili. Mpaka tunakwenda kulala, alikuwa ameibiwa kundi zima.

Kesho yake asubuhi, nyuma ya boma lile kulikuwa na kilima cha mawe, kirefu kiasi, chenye njia nyembamba ya mbuzi. Mtoto alikinyoshea kidole. Mwanangwa akamwinua, akamweka mabegani, akaanza kupanda. Gati akaniangalia kwa hofu, nami nikachukua mkoba wangu nikawafuata, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyonileta.

Nilikuwa kijana, mwembamba, nisiyejua maradhi. Lakini Nyarero nilikuwa nakaa zahanati kutwa nzima, nikitoka napanda baiskeli, na vyakula vyote alivyokatazwa Mwanangwa, mara nyingi nilivimalizia mimi. Nilipofika nusu ya kilima kifua kilikuwa kinawaka na mkoba umekuwa wa chuma. Nikasimama, mikono magotini. Juu yangu fimbo ilikuwa ikigonga mawe bila kukatika. Kisha ikanyamaza, na kichwa chake kikachungulia juu ya jabali, vidole vidogo vimeshika masikio yake.

"Pumzika hapo, mura," akasema. "Sisi tunaendelea."

Nikavua viatu, nikakaa juu ya jiwe. Upepo ulikuwa unatoka mtoni. Baada ya muda nikamsikia kule kileleni akimwonyesha mtoto milima ya ng'ambo, akiitaja mmoja mmoja kwa jina, na ile sauti ndogo ikirudia nyuma yake.